Uliza Jina Lake Kamili

(Hotuba kwa kina mama wakaanga samaki na majirani zao, ukumbi wa kanisa, Obunga, Kisumu)

Misawa! Mulembe! Hamjambo nyote?

Namshukuru mwenyekiti wa kikundi kwa kunikaribisha, na namshukuru yule kijana aliyenisogezea kiti karibu na dirisha, maana joto la humu ndani linaweza kuivisha mkate. Nimeambiwa nina saa moja tu, kwa sababu saa kumi mzigo wa mgongo wazi, ile mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, unafika na hakuna atakayebaki hapa kunisikiliza. Haki yenu. Samaki hasubiri.

Kwa wasionijua, kazi yangu ilikuwa kliniki ya kifua, miaka mingi, mpaka nikastaafu. Mimi si daktari bingwa. Ni kliniko ofisa, yule mnayemwita daktari mpaka daktari mwenyewe afike.

Mmeniomba nizungumzie kansa ya mapafu. Naomba nianze na majina ya watu.

Hapa kwetu mtoto akizaliwa usiku ni Otieno. Akizaliwa mvua ikinyesha ni Okoth. Jua likiwa utosini, Ochieng. Ukilisikia jina unajua mtu huyu alikujaje duniani, hata kama hujawahi kumwona. Sasa angalia mgonjwa anavyotoka hospitalini. Jamaa wanamzunguka: wamesema nini? Anajibu, wamesema ni kansa. Kansa gani? Ya mapafu. Ya mapafu, aina gani? Kimya. Hiyo ni sawa na kwenda Kondele jioni ukamtafuta mtu kwa kusema, "Namtafuta mtoto wa fulani, ana miguu miwili." Nimekuja na ombi moja tu: wewe au mtu wako akiambiwa ana kansa ya mapafu, msitoke chumba cha daktari kabla ya kupewa jina lake kamili, na liandikwe kwenye karatasi.

Jambo hili linaniuma, na nitawaambia sababu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa malori, Kisumu kwenda Busia, Busia kwenda Kisumu. Sigara hakuvuta hata moja. Marehemu mama yetu asingemwacha hai. Akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu cha alfajiri. Akaja kwangu, mdogo wake "daktari". Nikampeleka akapimwe makohozi kwenye ile mashine ya TB. Majibu yakarudi: hakuna TB. Picha ya eksrei ikaonyesha kivuli, pafu la kulia, upande wa juu. Kwa sisi tuliozeeka katika kliniki za kifua za Kenya, kivuli upande wa juu wa pafu ni TB, na mwenye neno jingine alete ushahidi. Na utaratibu unaruhusu mtu aanzishiwe dawa kwa picha na dalili, hata kama makohozi hayakuonyesha mdudu. Nikamwanzishia.

Miezi sita. Mkojo wake ukawa rangi ya chungwa, kama dawa zile zinavyofanya. Hakukosa siku hata moja, maana tembe nilikuwa nikimhesabia mwenyewe. Mwezi wa pili, alipokuwa hajapata nafuu, nilipaswa kurudia picha na kujiuliza upya. Sikufanya hivyo. Alipomaliza dozi akaenda kituo kingine, na mwenzangu wa huko akatazama kivuli kilekile, akamwandikia dozi ya pili.

Ona, kosa hilo halikufanywa na mtu asiyejali. Lilifanywa na ndugu wa tumbo moja.

Msinielewe vibaya. TB iko na sisi, na ukikohoa kikohozi kisichokoma nenda kwanza ukapimwe TB, bila aibu, kwa sababu inatibika na inapona. Ninachosema ni hiki: makohozi yakiwa safi, na dawa umezimeza miezi miwili, na bado unakohoa, na suruali inaanza kukupwaya, rudi. Mwambie aliyekuandikia, "Nataka picha nyingine. Nataka tuangalie kama hiki ni kitu kingine." Sema kwa heshima, lakini sema. Kukohoa damu, hata michirizi tu kwenye makohozi, ni sababu ya kwenda leo wala si wiki ijayo. Vivyo hivyo sauti ikipwelea wiki tatu bila mafua, nimonia ikirudi mahali palepale mara mbili tatu, au uso na shingo vikivimba asubuhi.

Aliyegundua kwamba kaka yangu hana TB si mimi. Ni mke wake. Shemeji alisema kucha za mumewe zimekuwa kama mgongo wa kijiko. Mimi niliyesomea nilikuwa namshika mkono kila wiki kumsalimia, sikuona.

Hebu sote tuinue mikono. Kina mama wa nyuma pia. Chukua kidole cha shahada cha kulia na cha kushoto, uviguse mgongo kwa mgongo, ukucha kwa ukucha. Sasa geukia dirishani utazame katikati, pale kucha zinapoanzia. Unaona kitundu kidogo chenye pembe nne, kama kishada cha watoto? Wengi mnakiona, nasikia mnacheka. Kitundu hicho kikipotea, vidole vikagusana kila mahali bila kupitisha mwanga, ncha zimevimba. Daktari wa moyo wa Afrika Kusini, Leo Schamroth, ndiye aliyelieleza jaribio hili mwaka 1976, na alikuwa ameliona kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua. Yeye ugonjwa wake ulikuwa wa moyo, kwa hiyo asiyeona kitundu asianze kuandika wosia. Kuna magonjwa ya moyo na mapafu yanayofanya hivyo, na kuna watu waliozaliwa hivyo. Lakini asiyekiona tuonane baada ya mkutano, pale mlangoni. Sitamtaja mtu.

Basi, baada ya shemeji kusema, tukatafuta CT. Picha ile humkata mtu vipande vipande kama mkate, bila kisu. Ikaonyesha uvimbe, na maji kidogo yamezunguka pafu. Lakini CT nayo haitoi jina. Picha inaweza kusema "hapa kuna mtu amejificha." Kusema ni nani, lazima umtoe nje umwone uso. Na uso wa kansa unaonekana kwa njia moja: kutoa kinyama kidogo na kukiweka chini ya hadubini.

Hapo ndipo kikao cha ukoo kilipolipuka. Wazee walisema ukiigusa kwa chuma itakasirika na kusambaa. Najua hata humu wapo wanaoamini hivyo, na sitawacheka, maana wamezika watu. Fulani alitobolewa, baada ya miezi mitatu akafa. Ni kweli alikufa. Lakini alipofika hospitalini kansa ilikuwa imeshafika kwenye ini na mifupa. Sindano ilimkuta safarini, haikumwanzishia safari. Sindano kusambaza kansa ya pafu ni jambo la nadra sana. Hatari zake za kweli ni nyingine: pafu linaweza kuvuja hewa kidogo, au ukatema damu siku mbili, ndiyo maana unaachwa hospitalini saa kadhaa ukiangaliwa. Na kuna njia nyingine pia. Kansa ikiwa karibu na njia kubwa za hewa, hupitishwa kamera nyembamba kupitia puani. Kukiwa na maji kifuani, hata hayo maji yanaweza kubeba seli za kutosha.

Kaka alichomwa sindano kati ya mbavu. Kinyama chenyewe hakikuwa kikubwa kuliko mkia wa omena. Kikatiwa kwenye kichupa cha dawa ya kukihifadhi, nikapewa mkononi nikipeleke maabara mwenyewe. Wengi wenu mmewahi kubeba vichupa hivyo. Nilikaa kwenye matatu kichupa kikiwa mfuko wa shati, kondakta ananisukuma nisogee, nami nimekiziba kwa kiganja kama mtu aliyebeba yai. Wiki tatu tukasubiri.

Sasa majina yenyewe.

Kansa za mapafu zina nyumba mbili. Ya kwanza huitwa kansa ya seli ndogo. Katika wagonjwa 100 wa kansa ya mapafu, kama 15 wako nyumba hii. Chini ya hadubini seli zake ni ndogo, nyeusi, zimebanana. Hii ni ya wavuta sigara karibu wote, na ina mbio. Inapogunduliwa mara nyingi imeshatoka kifuani, na inapenda kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo kisu ni nadra kutumika. Silaha yake ni dripu, dawa ya jamii ya platini, yaani cisplatin au carboplatin, pamoja na etoposide, na kama bado imebaki upande mmoja wa kifua huongezwa mionzi. Wakati mwingine kichwa nacho hupigwa mionzi kabla haijaonekana huko, kuitangulia njiani. Ajabu yake ni kwamba ndiyo inayoyeyuka haraka kuliko zote. Nimeona mtu ameletwa kwenye kiti cha magurudumu, baada ya dripu mbili akaja kwa miguu. Tatizo ni kurudi. Hurudi, na ikirudi huwa imejifunza. Ukiwa na mgonjwa wa aina hii ameanza kutembea, usimwambie amepona. Mwambie afuate kliniki.

Nyumba ya pili ina wale 85 waliobaki, na wanaitwa kwa jina la uvivu kabisa: kansa ya seli zisizo ndogo. Walioipa jina hilo hawakuwa Waluo. Lakini ndani yake kuna ndugu, na hawafanani tabia.

Mmoja ni adenokasinoma. Anatoka kwenye seli za tezi, zile zinazotengeneza ute wa mapafu, na hupenda kukaa pembeni, mbali na njia kubwa za hewa. Ndiyo maana anaweza kukua kimya bila kikohozi. Huyu ndiye wa kawaida kuliko wote siku hizi, na ndiye anayewapata zaidi watu wasiovuta sigara na wanawake.

Wa pili ni wa seli bapa, wataalamu husema skwamasi. Njia kubwa za hewa zimetandazwa ndani kama sakafu ya vigae, na moshi wa sigara ukipiga sakafu hiyo miaka na miaka, vigae vinabadilika. Huyu hukaa katikati ya kifua, huziba bomba, huleta damu kwenye makohozi na nimonia isiyoisha. Wa tatu ni wa seli kubwa; ni wachache, simpi muda.

Kuna mgeni ambaye huchanganywa na hawa. Mama aliyetibiwa kansa ya titi, baadaye ikaonekana mapafuni, huyo hana kansa ya mapafu. Ana kansa ya titi iliyohamia mapafuni. Mtu wa Siaya akihamia Kisumu akapanga chumba Nyalenda, bado ni mtu wa Siaya, na akifa anarudishwa Siaya. Dawa zake ni za titi.

Na kuna wa ngozi inayofunika pafu, mesothelioma, mtoto wa asbesto. Asbesto ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2006, lakini bado kuna nyumba za zamani zilizoezekwa nayo. Paa likiwa zima halijavunjika, hatari ni ndogo. Hatari ni kulipiga nyundo, kulikata kwa msumeno, au watoto kuchezea vipande vyake. Vumbi lile ukilivuta, na sigara nayo unavuta, hatari ya kansa ya mapafu yenyewe haijumlishwi, inazidishwa.

Mtaniuliza, majina yote haya ya nini, si zote ni kansa? Sikilizeni hili. Kuna dawa inaitwa bevacizumab. Kazi yake ni kuunyima uvimbe mishipa ya damu. Ilipojaribiwa kwenye kansa ya mapafu, baadhi ya wagonjwa walivuja damu kifuani mpaka wakafa, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale wa seli bapa. Wenye adenokasinoma iliwasaidia. Dawa moja, pafu lilelile; kwa huyu ni msaada, kwa yule ni kisu. Tangu hapo mwenye kansa ya seli bapa hapewi. Kuna nyingine, pemetrexed, inafanya kazi nzuri kwa adenokasinoma na kwa seli bapa ni kupoteza pesa. Sasa fikiria mtu anayeuza ng'ombe kununua dripu bila kujua ananunulia nani.

Baada ya jina huulizwa hatua. Hatua ya 1, uvimbe ni mdogo na uko peke yake. Ya 2 na ya 3, umegusa matezi ya karibu au umekua. Ya 4, umevuka mpaka, umefika pafu la pili, au mifupa, au ini, au ubongo, au umeleta maji ya kifua yenye seli zake. Wanaokutwa hatua ya 1 wakakatwa, wengi wao wako hai baada ya miaka mitano. Hatua ya 4, ni chini ya mmoja kati ya kumi. Sifichi namba hizo, kwa sababu ndizo zinazonifanya nije Obunga Jumamosi na joto hili.

Kisu ni kwa wale wa mapema, wasio wa seli ndogo. Pafu la kulia lina vyumba vitatu, la kushoto viwili, na mara nyingi hutolewa chumba kimoja chenye uvimbe. Mtu huishi na vilivyobaki, hata na pafu moja. Wa kwanza kutolewa pafu zima kwa sababu ya kansa na akapona alikuwa daktari, huko St. Louis, Marekani, Aprili 1933. Aliyempasua ni Evarts Graham. Mgonjwa yule aliishi miaka 30 zaidi. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1950 akashiriki utafiti uliothibitisha kwamba sigara huleta kansa ya mapafu, akaacha kuvuta, lakini alikuwa amechelewa. Alikufa kwa kansa ya mapafu mwaka 1957. Aliyekatwa akaenda kumzika aliyemkata, kwa namna ya kusema.

Mionzi sitaikalia sana. Yule anayetafuta kupona huenda kila siku ya kazi kwa wiki kama sita. Yule ambaye mfupa unamuuma anaweza kupewa mara moja au tano tu na maumivu yakashuka. Zamani mgonjwa wa Kisumu alipanda basi la usiku hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kwa ajili hiyo. Sasa mashine zimesogea Eldoret na Nakuru. Bado ni nauli, lakini si nauli ileile.

Dripu, yaani kemo, hutolewa kila baada ya wiki tatu, mara nne hadi sita. Nywele zinaweza kutoka, zitarudi. Kutapika kuna dawa za kuzuia, ziombeni. Neno moja tu mlishike: mtu aliye kwenye kemo akipata homa, joto likafika 38, asimeze dawa ya homa akalala. Aende hospitali usiku huohuo. Chembe zake za ulinzi zimeshuka, na maambukizi madogo yanaweza kummaliza kabla ya kansa.

Halafu kuna vidonge. Hapa nirudi kwa kaka.

Wiki tatu zikaisha, karatasi ikaja: adenokasinoma, hatua ya 4. Ningeweza kuinama hapo nikalia. Lakini daktari wa kansa, mama mmoja mtulivu sana, alisema hilo ni jina la ukoo tu, bado jina lake mwenyewe. Mkia ule wa omena ukapelekwa kupimwa jeni. Kwa watu wengine wenye adenokasinoma, hasa wasiovuta sigara, kuna jeni moja, EGFR, ambayo imekwama kama swichi ya taa isiyozimika, inaiambia seli kua, kua, kua. Mwaka 2004 wanasayansi waligundua kwamba wenye swichi hiyo ndio wanaosaidiwa na vidonge vya gefitinib na erlotinib. Baadaye ikaja osimertinib, yenye nguvu zaidi na inayofika kwenye ubongo. Kuna swichi nyingine, ALK, nayo ina vidonge vyake. Asiye na swichi, vidonge hivyo havimfai, ni bora apewe dripu.

Kaka alikuwa nayo. Akapewa kidonge kimoja kwa siku. Mtu aliyekuwa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, baada ya wiki tatu alilala chali. Jumapili moja nikamkuta Kibuye sokoni anabishania bei ya nguo za mitumba. Uso umejaa vipele, ndiyo kawaida ya dawa ile, vipele na kuhara. Akaniambia, "Nimebalehe upya, nitafutie mke." Shemeji alikuwa pembeni, hakucheka.

Hakupona. Nisiwadanganye. Vidonge hivyo huizima swichi mpaka kansa itafute waya mwingine. Yeye alipata miaka miwili na miezi minne. Alimwona mjukuu. Hesabu yangu ya ndani, ambayo hamna haja ya kuipunguza kwa maneno ya faraja, ni dozi mbili za TB: mwaka mzima aliokuwa akimeza dawa isiyo yake.

Mmesikia pia habari ya tiba ya kinga. Mwilini tuna askari. Kansa ni kama mtu aliyejifunza kumwonyesha askari kitambulisho cha uongo, askari anapiga saluti, anampitisha. Dawa kama pembrolizumab hukiziba kile kitambulisho. Waliogundua njia hizo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kuna watu wa hatua ya 4 walioishi miaka mingi kwa dawa hizi. Lakini bei yake, mama zangu, ni ya kuuza shamba na bado ukadaiwa, na haimfai kila mtu. Wale wa swichi ya EGFR kwa kawaida haiwafaidi sana. Kabla hamjaita harambee, muulizeni daktari: kinyama chetu kimepimwa kuonyesha kwamba dawa hii itafanya kazi?

Kuhusu pesa kwa ujumla, SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ina fungu la kansa. Fungu hilo lina kikomo kwa mwaka na ni la nyumba nzima. Jiandikisheni sasa mkiwa wazima.

Kitu kimoja ambacho si ghali ni morfini ya kunywa. Na hospisi, mahali pa kumtuliza mgonjwa maumivu, ipo hapahapa Kisumu. Watu wanaikimbia wakidhani ni chumba cha kufia. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipewa tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa mapema wahudumu wa kutuliza maumivu na pumzi na wasiwasi. Waliotulizwa waliishi karibu miezi mitatu zaidi. Fikiria, kutulizwa tu. Maji ya kifua yakirudi, yanatolewa tena. Si lazima mtu azame akiwa nchi kavu.

Najua swali lililowaleta hasa. Mwenyekiti alininong'oneza: moshi wetu je?

Nitajibu kama ulivyo ukweli. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limesema moshi wa dizeli huleta kansa ya mapafu, bila shaka, tangu 2012. Moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba, vilevile. Moshi wa kuni ndani ya nyumba limeuweka daraja la "yaelekea", yaani ushahidi upo lakini haujafunga mlango. Sigara iko juu ya zote, mbali kabisa. Kijana wa boda anayevuta sigara huku akiniuliza juu ya moshi wa mama yake jikoni anatafuta mwizi huku amemkumbatia. Akiacha leo, baada ya miaka kama kumi hatari yake ya kufa kwa kansa hii itakuwa imeshuka hadi kama nusu ya anayeendelea. Shisha isiulizwe, ilipigwa marufuku Desemba 2017 na mnajua bado inauzwa wapi.

Kwenu wakaangaji: moto uwe nje au penye hewa pande mbili, kuni ziwe kavu, msimame upande upepo unakotoka. Na tafadhali, nimepita njia ya nyuma nikija hapa, nimeona mtu anawasha jiko kwa chupa za plastiki. Hiyo si kuni. Moshi mweusi ule unaingia kwenu kwanza, kisha kwa mtoto aliyefungwa mgongoni.

Naona saa kumi kasorobo, na wengine wameanza kutazama mlango. Mkokoteni nausikia. Wale wa vidole, nilihesabu watatu, mmoja ni baba aliyeficha mikono mfukoni haraka. Baba, usiondoke. Nitakuwa pale mlangoni na kalamu na karatasi, tutaandika umekohoa tangu lini na umemeza dawa gani, Jumatatu tukutane penye foleni ya eksrei saa mbili asubuhi. Wengine chai iko kwa mama wa kona, mandazi amesema bado ni ya moto.